Uzamivu katika sanaa za ufundi: mwongozo kamili, kuanzia swali la utafiti hadi utetezi

Maandiko ya utafiti ya wachoraji na wachongaji wanaoomba uzamivu (shahada ya PhD) hukataliwa kwa sababu ileile kila msimu wa udahili: mwombaji ameeleza kazi zake kurasa kumi, kisha akasahau kuuliza kitu. Anayelisoma andiko anamwona msanii hodari, ila utafiti hauoni.

Mwongozo huu ni wa huyo aliyekwisha kukataliwa, mwenye shahada ya uzamili mkononi, anayetaka kusoma huku kwetu Afrika Mashariki au kwenda nje na mada ya huku. Sanaa za ufundi ninazozungumzia ni uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji, nguo, upigaji picha na kazi za video.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha uzamili na nakala ya matokeo. Anza kuifuatilia nakala hiyo mapema. Ofisi za usajili haziendi kwa kasi ya tarehe yako ya mwisho.
- Jalada la kazi. Picha 15 hadi 20 za kazi za miaka ya karibuni, kila moja na jina, mwaka, malighafi na vipimo kwa sentimita. Faili moja la PDF linalofunguka kwenye simu.
- Wadhamini wa kitaaluma wawili au watatu wanaoujua uandishi wako. Mwenye jumba la maonesho atakusifu vizuri, lakini chuo kinataka kujua kama unaweza kumaliza tasnifu.
- Andiko lolote ulilowahi kuandika: sura ya tasnifu ya uzamili, makala, hata maelezo marefu ya onesho.
- Kamera au simu yenye kamera nzuri, rula, kadi ya rangi na taa mbili. Sababu yake utaiona hatua ya 8.
- Diski mbili za nje na daftari moja nene lenye kurasa zilizoshonwa.
- Programu ya kutunza marejeo. Zotero ni ya bure na inatosha kabisa.

## Hatua ya 1: Hakikisha unachotaka ni uzamivu

Ukitaka kufundisha chuo kikuu Tanzania, Kenya au Uganda, uzamivu utakusaidia sana, na mahali pengine hupandi cheo bila huo. Ukitaka muda wa kuchora bila bughudha, tafuta ukaazi wa wasanii, yaani mahali panapokupa chumba na studio kwa muda. Ukitaka kuuza, uzamivu utakuchelewesha miaka mitatu hadi sita.

Marekani ina mazoea yake: huko shahada ya uzamili ya sanaa, MFA, huhesabiwa kuwa ya mwisho kwa msanii wa studio, na walimu wengi wa vyuo wanayo hiyo tu. Kwa hiyo usishangae kuona vyuo vikubwa vya huko havina uzamivu wa uchoraji.

Dalili ya mafanikio: unaweza kutaja jambo moja ambalo hujui, unalotaka kulijua hata kama halitauza picha.

## Hatua ya 2: Chagua aina ya shahada kabla ya kuchagua chuo

Aina ni mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoangusha wengi.

Ya kwanza ni tasnifu ya maandishi peke yake. Unatafiti kuhusu sanaa: historia yake, soko lake, mafunzo yake, malighafi zake. Unaweza kuchora ukitaka, lakini watahini watasoma maandishi tu. Uingereza tasnifu ya namna hii kwa kawaida huwa na ukomo wa maneno 80,000 hadi 100,000.

Ya pili ni tasnifu pamoja na kazi za studio. Hapa kuchora au kuchonga kwenyewe ni njia ya kutafuta jibu, na kazi zenyewe hutahiniwa. Maandishi hupungua, mara nyingi yakawa karibu nusu ya yale ya aina ya kwanza, lakini hayaondoki. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art alitofautisha utafiti kuhusu sanaa, utafiti kwa kupitia sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa. Mgawanyo huo unabishaniwa hadi leo, ila kwa mwombaji una faida moja: unamlazimisha kusema anafanya upi.

Sasa fungua kanuni za shahada za juu za chuo unachokitaka. Usisome ukurasa wa matangazo wenye picha za vijana wanaocheka, soma kanuni. Tafuta majibu ya maswali haya:

- Kazi za studio zinatahiniwa, au ni kiambatisho tu?
- Ukomo wa maneno ni upi kwa kila aina?
- Watahini wanalazimika kuliona onesho kwa macho yao?
- Tasnifu iandikwe kwa lugha gani?

Afrika Mashariki pa kuanzia papo. Chuo Kikuu cha Makerere kina Skuli ya Margaret Trowell, yenye mizizi ya tangu miaka ya 1930. Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vina idara zinazofundisha sanaa au usanifu wa kubuni. Uliza kila kimoja, kwa maandishi, kama kazi ya studio inahesabiwa kwenye uzamivu. Jibu la mdomo kutoka kwa mtu mwema wa mapokezi halitakutetea mbele ya bodi ya mitihani miaka minne baadaye.

Nje ya ukanda wetu, KNUST, chuo kikuu cha Kwame Nkrumah cha Kumasi, Ghana, kina idara ya uchoraji na uchongaji yenye jina kubwa. Afrika Kusini kuna Rhodes, Cape Town, Witwatersrand na Stellenbosch, na tangu 2017 serikali ya huko ina sera ya kuzihesabu kazi za ubunifu za wanataaluma kuwa matokeo ya utafiti. Ulaya, Akademia ya Sanaa ya Vienna ilianza uzamivu wake wa vitendo mwaka 2010, na Norwei ina shahada kamili ya uzamivu wa utafiti wa kisanaa tangu 2018.

Tahadhari: usiombe chuo kinachotahini maandishi tu huku andiko lako likiegemea onesho. Utakubaliwa, kisha utafanya kazi ya shahada mbili na kupewa moja.

Dalili ya mafanikio: una orodha ya vyuo vitatu au vinne, na mbele ya kila kimoja umeandika kifungu cha kanuni kinachosema nini kinatahiniwa.

## Hatua ya 3: Tunga swali ambalo mkono wako unaweza kulijibu

Hapa ndipo pa kukaa. Ukikosea hapa, hatua zote zinazofuata ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa.

Chukua mada ambayo waombaji wengi wa Dar huileta: "Athari za utandawazi katika sanaa ya Tingatinga." Ina kasoro mbili. Haina mwisho, maana utandawazi unaingia kila mahali. Halafu haimhitaji mchoraji. Mtu wa sosholojia ataifanya vizuri kukuzidi.

Rudi kwenye malighafi. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa sanaa hiyo, aliyefariki 1972, alichora juu ya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ileile ya kupakia baiskeli. Vipande vyake vingi vilikuwa mraba wa karibu sentimita 60. Sababu si fumbo kwa anayenunua mbao: shiti ya futi 4 kwa 8 hutoa miraba minane ya futi 2 bila kubakiza chochote. Picha nyingi za mwanzo zina mnyama mmoja mkubwa juu ya rangi tupu.

Leo ukipita kwa wachoraji wa Morogoro Stores, Oyster Bay, utakuta kanvasi, kwa sababu mtalii anataka picha inayokunjwa ikaingia kwenye begi. Na ndani ya picha wanyama wamejazana hadi pembeni.

Sasa swali linaanza kujitokeza: *Kuhama kutoka hadibodi ngumu kwenda kanvasi inayokunjwa kumebadilisha nini katika namna mchoraji wa Tingatinga anavyotandaza rangi na kugawa nafasi ya picha?*

Swali hili linakupa kazi ya kufanya. Utachora mpangilio mmoja juu ya hadibodi na juu ya kanvasi, kwa rangi ileile. Utapima muda wa kukauka. Utakunja kanvasi na kutazama rangi inapasukia wapi. Utakaa na wachoraji waliotumia vyote viwili na kuwauliza mkono uliona tofauti gani. Mwishoni utaweza kusema jambo ambalo mtunza makumbusho, mwalimu wa sanaa na mchoraji mwenyewe wanaweza kulitumia.

Lipime swali lako kwa mambo matatu.

Ondoa studio. Kama swali bado linajibika bila wewe kuchora au kuchonga, basi ama ubadili swali, ama uombe shahada ya maandishi tu. Yote mawili ni ya heshima.

Kubali jibu la hapana. Katika mfano huu inawezekana kabisa kwamba kanvasi haikubadilisha kitu, na kujazana kwa wanyama kumeletwa na wanunuzi tu. Swali lisiloweza kujibiwa hapana ni imani, na watahini hawatahini imani.

Mtaje atakayebishana nawe. Mtu, kundi au maandiko yenye msimamo tofauti. Ukisema "hakuna aliyewahi kuandika kuhusu hili", msomaji wa andiko lako atafungua kompyuta kukutafutia waliowahi, na mara nyingi atawapata.

Njia hiyohiyo inafanya kazi kwa mada nyingine. Badala ya "umuhimu wa milango ya Lamu", uliza patasi za leo zinazuia nini ambacho patasi za zamani ziliruhusu. Badala ya "sanaa ya mawe ya Kisii", uliza mchongaji wa Tabaka anaamua vipi, kabla ya kugusa jiwe, lipi litavunjika. Na lubugo, kitambaa cha Uganda cha magome ya mti ambacho utengenezaji wake uko kwenye orodha ya UNESCO, kina maswali mengi ya kiufundi ambayo mchapaji mmoja mvumilivu angeweza kuyafungua.

Tahadhari: usichague maisha yako mwenyewe kuwa mada kwa sababu tu unayajua. Inawezekana, watu wamefanya, lakini ni njia ngumu kuliko inavyoonekana. Mtahini atauliza mtu mwingine ajifunze nini kutoka kwako, na "nimejieleza" haitoshi.

Dalili ya mafanikio: swali lako linaenea kwenye mistari mitatu, na rafiki asiye msanii akilisoma anakuuliza, "Sasa utajuaje?" Hilo ndilo swali la mbinu, na uko tayari kuliandika.

## Hatua ya 4: Tafuta msimamizi

Chuo kikubwa kisicho na mtu wa mada yako hakikufai. Tafuta nani anaandika au anafanya kazi karibu na swali lako, soma maandishi yake mawili, kisha mwandikie.

Barua pepe iwe fupi: aya moja ya kusema wewe ni nani, aya moja yenye swali lako, sentensi mbili zinazotaja hasa kazi yake ipi inahusiana na yako na kwa nini, kisha ombi moja: je, anapokea wanafunzi wapya mwaka huu? Ambatanisha ukurasa mmoja wa muhtasari na jalada la kazi. Mwite Profesa au Daktari kwa jina la ukoo. Usiwaandikie maprofesa watano wa idara moja kwa mpigo. Watu wa idara moja hula chakula cha mchana pamoja.

Kwa uzamivu wenye studio utahitaji wasimamizi wawili, mmoja wa maandishi na mmoja wa kazi. Uliza mapema kama idara inaruhusu wa pili atoke chuo kingine.

Dalili ya mafanikio: umepata jibu lenye maswali. Jibu la "inaonekana nzuri, omba tu" ni adabu, jibu la "lakini utawapataje wachoraji wa miaka ya 1970?" ni la mtu anayekufikiria kama mwanafunzi wake.

## Hatua ya 5: Andika andiko la utafiti

Fuata urefu uliotajwa na chuo, iwe kurasa tano au ishirini. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Swali, katika ukurasa wa kwanza, nusu ya juu. Historia ya sanaa ya Afrika tangu mapango ya Kondoa haihitajiki.
2. Nani wamesema nini. Panga kwa hoja, si kwa mwandishi baada ya mwandishi. Jumuisha wasanii pia: kazi ya sanaa iliyowahi kugusa swali lako ni sehemu ya mapitio.
3. Mbinu. Utatengeneza nini, mara ngapi, kwa masharti gani, na utarekodi vipi. Utazungumza na nani. Utatazama mikusanyo ipi.
4. Kwa nini kutengeneza ni lazima. Aya moja, wazi kabisa. Hii ndiyo aya ambayo kamati huitafuta na isipoikuta hufunga faili.
5. Ratiba na bajeti. Malighafi, usafiri, kukodi ukumbi, kupiga picha, kusafirisha kazi.

Kwenye mikusanyo, taja mahali halisi. Mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, uko chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Makerere ina jumba lake la sanaa. Zanzibar ina Hifadhi ya Nyaraka yake. Iwalewahaus ya Bayreuth, Ujerumani, ina kazi nyingi za wasanii wa Afrika, zikiwemo za ukanda wetu. Andiko linalosema "nitatembelea makumbusho mbalimbali" linaonyesha kwamba mwandishi hajapiga simu hata moja.

Tahadhari: punguza majina ya wanafalsafa wa Ufaransa. Ukimtaja mmoja, awe na kazi ya kufanya ndani ya hoja. Vinginevyo utaulizwa juu yake kwenye utetezi, na utajuta.

Dalili ya mafanikio: mtu mwingine mwenye ujuzi wako angeweza kuchukua sehemu ya mbinu na kuanza kazi Jumatatu asubuhi.

## Hatua ya 6: Fedha

Tafuta fedha wakati uleule unaoomba nafasi. Tarehe za ufadhili mara nyingi hutangulia za udahili.

Nchi za Nordiki zina mfumo wa pekee. Norwei na Uswidi, nafasi nyingi za uzamivu ni ajira yenye mshahara, hutangazwa kama kazi, na ushindani wake ni mkali. Ufini haitozi ada ya masomo ya uzamivu, ila gharama za kuishi ni juu yako mpaka upate ruzuku.

Afrika Kusini, Stellenbosch imekuwa na ufadhili wa Lisa Maskell, unaotolewa na taasisi ya Gerda Henkel ya Ujerumani kwa raia wa nchi za kusini mwa Sahara wanaosoma uzamivu kwa muda wote katika kitivo cha sanaa na sayansi za jamii. Chuo hicho kimo pia katika PANGeA, mtandao wa vyuo vikuu wa kukuza wanataaluma wa Afrika, ulioanza 2010, pamoja na vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere. Kwa hiyo kama wewe ni mhadhiri msaidizi wa mojawapo ya vyuo hivyo, anzia ofisi yako ya uhusiano wa kimataifa.

DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, na Jumuiya ya Madola nazo hutoa ufadhili wa uzamivu, kwa masharti yanayobadilika mwaka hadi mwaka na nchi hadi nchi. Wafadhili wa aina hii huuliza mchango kwa maendeleo. Usiwadharau kwa hilo. Eleza nani atafaidika, kwa mfano mafundi wa ushirika fulani au mtaala wa vyuo vya ualimu.

Tahadhari: bajeti za wasanii karibu zote husahau malighafi. Mwanafunzi wa historia anahitaji vitabu. Wewe unahitaji vitabu, kanvasi, rangi, jiwe, lori la kulibeba jiwe na mahali pa kuliweka. Kama mfadhili halipii malighafi, jua hivyo kabla ya kusaini.

## Hatua ya 7: Vibali na idhini

Vibali vya utafiti viko chini ya tume au mabaraza ya taifa ya sayansi na teknolojia: Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Mwanafunzi wa chuo cha ndani ana utaratibu kupitia chuo chake. Anayetoka chuo cha nje atahitaji zaidi, ikiwemo barua ya taasisi ya ndani itakayompokea. Zanzibar ina utaratibu wake, hivyo kibali cha Bara usikitegemee Unguja.

Kibali cha taifa hakimalizi safari. Bara utapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, hadi kwa mtendaji wa kata. Kenya utaripoti kaunti. Beba nakala nyingi na uvae vizuri.

Kisha kuna maadili. Wasanii wengi wanaamini hawahitaji kibali cha maadili kwa kuwa "nachora tu". Ukimhoji mtu, ukimpiga picha, ukitumia sauti yake, unakihitaji. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Kwa mafundi wenzako, idhini iwe na vipande vitatu tofauti: kuhojiwa, kupigwa picha, na kuchapishwa kwa picha ya kazi yao. Mtu anaweza kukubali cha kwanza na kukataa cha tatu. Soma fomu kwa Kiswahili, kwa sauti, na mpe nakala. Kama chuo kimekupa fomu ya Kiingereza tu, itafsiri na tafsiri hiyo uipeleke kwenye kamati ipitishwe.

Na usichukue mbinu ya fundi ukaiita ugunduzi wako. Mzee aliyekuonyesha jinsi ya kutambua ufa ndani ya mpingo kwa kuugonga na kusikiliza ni chanzo cha maarifa kama profesa yeyote. Akikubali, mtaje kwa jina.

Dalili ya mafanikio: kabla ya kugusa kinasa sauti, una namba ya kibali cha utafiti, barua ya kamati ya maadili na fomu zilizopitishwa.

## Hatua ya 8: Igeuze studio kuwa ushahidi

Hii ndiyo kazi ya miaka miwili au mitatu, na ndiyo inayotenganisha msanii anayechora sana na mtafiti. Picha nzuri isiyo na kumbukumbu ya ilivyotengenezwa itapendeza ukutani, lakini kwenye tasnifu haitaweza kushuhudia chochote.

Daftari. Kila siku ya kazi ina tarehe, ulichokusudia, ulichofanya, kilichotokea, na unachoshuku. Andika kabla ya kuondoka studio. Usichane kurasa.

Picha za hatua. Piga kila tabaka la rangi au kila saa ya kuchonga, kamera mahali palepale, rula na kadi ya rangi ndani ya picha. Piga mara moja kwa mwanga wa mbele na mara moja kwa mwanga wa ubavuni. Huo wa ubavuni ndio unaoonyesha mikwaruzo, matuta na nyufa.

Majina ya faili. Mfano: 2026-03-14_kanvasi03_tabaka2. Tarehe ikianza na mwaka, faili hujipanga zenyewe.

Nakala. Nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Pwani unyevu na chumvi huua diski, na wezi hawaulizi kama ndani mna tasnifu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha rangi na kanvasi siku moja, hutajua kipi kilisababisha nini. Hili linawaudhi wasanii, nami nalielewa, maana studio huendeshwa na hamu. Weka basi siku za hamu na siku za jaribio, na uandike daftarini ipi ni ipi.

Tunza yaliyoharibika. Kanvasi iliyopasuka ndiyo jibu la swali lako. Iandike namba, ifunge, iweke.

Kila baada ya miezi mitatu, kaa na vifaa vyote na uandike kurasa tano: nini nimejua ambacho sikujua? Kurasa hizo ndizo sura zako za baadaye. Anayesubiri "kumaliza kazi kwanza, kisha niandike" huishia na onesho zuri na tasnifu isiyokuwepo.

Mahojiano yaache katika Kiswahili chake, na tafsiri iwe pembeni au kwenye kiambatisho. Maneno ya mafundi kwa vifaa na mbinu zao yana maarifa ambayo tafsiri huyapoteza, na mtahini anayejua lugha atataka kuyaona.

Anza kuchapisha mapema. Vyuo vya Kenya hudai makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, na kwingine pia sharti hilo linaenea. Jarida la Journal for Artistic Research huchapisha kupitia jukwaa la Research Catalogue, ambako unaweza kufungua akaunti bure na kupanga picha, sauti, video na maandishi pamoja.

Dalili ya mafanikio: mtu asiyekujua akipewa daftari na faili zako, ataweza kueleza kazi namba 7 ilitofautianaje na namba 6 na kwa nini.

## Hatua ya 9: Onesho na utetezi

Onesho la uzamivu si onesho la mauzo. Linapangwa ili mtahini aone hoja: kilichokuja kwanza, kilichoshindikana, kilichobadilika. Kama swali lako ni hadibodi na kanvasi, vitu hivyo viwili vining'inie jirani, kwa mwanga uleule. Vibandiko vya bei ondoa.

Panga tarehe kwa kurudi nyuma. Mtahini wa nje anahitaji tasnifu wiki kadhaa kabla, ukumbi unahitaji kushikwa miezi kabla, na kazi zinahitaji kukauka. Jambo linaloangusha watu ni ukumbi kwisha muda kabla ya utetezi kufanyika. Weka nafasi ya ziada, na pia rekodi onesho zima kwa video na picha zenye vipimo, ramani ya ukumbi ikiwemo, ili liweze kutahiniwa hata baada ya kushushwa.

Utetezi hutofautiana. Uingereza huwa chumba kilichofungwa, watahini wawili au watatu na wewe. Nchi za Nordiki hufanywa hadharani, na mpinzani rasmi. Kwetu mara nyingi ni jopo, na wakati mwingine hadhira. Popote ulipo, maswali haya hayakosi: Mchango wako ni upi, kwa sentensi moja? Kwa nini ulilazimika kutengeneza? Kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea? Ukianza upya, utabadili nini?

Yajibu kwa sauti mbele ya watu wawili, mmoja msanii na mmoja si msanii. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na utaje ungelitafutaje.

Tahadhari: usiitetee picha. Mtahini akisema kazi fulani ni dhaifu, sikiliza, kisha urudi kwenye swali la utafiti. Kazi dhaifu inaweza kuwa ushahidi wenye nguvu.

Dalili ya mafanikio: katikati ya mazungumzo, watahini wanaanza kubishana wao kwa wao kuhusu mada yako.

## Hatua ya 10: Masahihisho na makabidhiano

Wengi hupita kwa masahihisho madogo, na kwa kawaida hupewa miezi michache. Tengeneza jedwali lenye safu tatu: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Litume pamoja na tasnifu iliyosahihishwa. Litakuokoa barua nyingi.

Kabla ya kuweka tasnifu kwenye hifadhi ya chuo mtandaoni, hakiki idhini ya kila picha isiyo yako. Zile zisizo na idhini zitoe kwenye nakala ya umma na uache maelezo yake. Ukihitaji muda wa kuchapisha kitabu, omba tasnifu ifungwe kwa mwaka mmoja au miwili.

Uliyesoma nje na unarudi Tanzania, peleka cheti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kitambuliwe, na cheti chenyewe kiwe pamoja na nakala ya matokeo na barua ya chuo inayoeleza kwamba shahada ilikuwa na sehemu ya studio. Barua hiyo iombe kabla hujaondoka, wakati ofisi bado inakujua kwa sura.

Mwisho, rudi kwa mafundi uliowahoji na nakala ya sura inayowahusu, ikiwa kwa Kiswahili, pamoja na picha zao zilizochapwa.